Gogo la Moto wa Baba

Juu ya kijiji chetu, ukipanda kutoka Pap Onditi hadi pumzi ikukatike, kuna kipande cha msitu kisichokauka upesi. Humo, kwenye gogo moja kubwa lililoanguka na kuanza kuoza, aliishi konokono mweupe, mdogo kuliko punje ya mahindi. Nilimjua kwa sababu ya dada mmoja mtafiti aliyehitaji mtu wa kumwonyesha njia. Alilala kifudifudi pale saa nzima, mimi nikimcheka kimoyomoyo, kisha akanipa lenzi. Mdomo wa gamba ulikuwa na vijino. Huyu hula konokono wenzake, akaniambia, na mlima mzima hajampata kwingine. Akaniomba nimtunzie. Tangu hapo, kila nilipotoka Migosi, mtaa ninaoishi mjini, kwenda nyumbani, nilipanda kumsabahi. Mke wangu akasema nimeoa mke wa pili mlimani.

Mwaka huu baba alifariki. Kwetu mzee hazikwi bila magenga, moto wa magogo unaowaka uani mpaka matanga yaishe. Vijana wa ukoo walipokwenda kutafuta kuni, mimi kifungua mimba niliwapa amri, nikijiona mtu wa maana: msiguse mti uliosimama, chukueni ulioanguka. Nilidhani nimeuokoa msitu. Kichwa changu kilikuwa kwenye jeneza na mahema. Sikukumbuka kwamba ulioanguka ulikuwa ule mmoja tu.

Walirudi mchana, maksai wakiliburuta lile gogo. Nililitambua kwa kuvu yake. Nikainama, na kwenye ufa wa gome nikawaona watatu, wamejikunyata ndani ya magamba yao.

"Baba, hili gogo..." nilimwambia baba mdogo, aliyesimamia moto.

"Gogo imefanya nini?"

Waombolezaji walikuwa wananitazama. Ningesema nini, kwamba mzee wangu akose moto kwa ajili ya konokono?

"Hakuna kitu. Ni kubwa."

"Ni ya mzee. Lazima ikuwe kubwa."

Ningeweza hata kuwabandua wale watatu nikawatia mfukoni. Niliona haya, na mpaka leo naona haya kwamba niliona haya. Gogo lilichelewa kushika kwa sababu ya unyevu. Wazee wakalisifu kwamba litadumu.

Baada ya matanga nilipanda peke yangu. Pale gogo lilipokuwa, jua sasa lilikuwa limefika ardhini. Niligeuza mawe na majani mpaka kucha zikatoka damu, nisimwone hata mmoja. Nilimpenda baba, na moto ule ningeuwasha tena. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Jana yule dada alinipigia simu kunipa pole. Akaulizia konokono wake. Hapa Migosi mvua ilikuwa inapiga mabati hata nikalazimika kupaza sauti. Nikamwambia kule mlimani bado ni kukavu, hawajatoka.

Akasema sawa, atakuja mvua ikifika huko.