Zoezi Lililofaulu

Pale hospitali ya watoto walimwita Kamanda. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya vifua, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha maiti, na kitanda kilichosogezwa hata kidogo alikiona kwa mbali. Madaktari wenyewe walipomsikia akija kwenye korido walificha vikombe vyao vya chai.

Habari za ugonjwa mpya wa kifua zilipoanza kusikika kutoka mbali, mganga mkuu alimwita ofisini.

"Kamanda, wenzetu wanangoja ufike ndipo wahangaike. Sisi tuanze sasa. Usipoziba ufa..."

"Nitajenga ukuta, najua," akamkatiza. "Nipe chumba na watu."

Akapewa chumba cha mwisho wodini, mwanasesere wa mpira mwenye ukubwa wa mtoto wa miaka minne, na ruhusa ya kumsumbua amtakaye. Kila wiki akawa anatunga mkasa: mtoto ameletwa, anahema kwa shida, ugonjwa ni ule ule unaoogopwa. Nani anampokea? Anapitishwa mlango gani? Nani anavaa nini, na anavuaje? Mwanasesere alimpaka rangi ya buluu kifuani; hiyo ndiyo iliyokuwa vijidudu.

Zoezi la kwanza lilikuwa kichekesho. Mtungi wa oksijeni ulikuwa umefungiwa stoo, na mwenye ufunguo yuko likizo. Walipomaliza, buluu ilionekana kwenye simu ya daktari, kwenye kitasa cha mlango, hata kwenye ncha ya pua ya mtu wa maabara.

"Wote mmekufa," Kamanda akawatangazia. "Nendeni mkanywe chai, mfufuke, turudie."

Wakarudia, na wakarudia tena, mpaka mikono ikazoea. Lililobaki kumsumbua lilikuwa moja: mzazi. Mama wa mwanasesere aliigizwa na mfamasia, baba mzima mwenye ndevu, aliyejifunga kitambaa kichwani na kuifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Kila mara alipenya, akamkumbatia mwanawe wa mpira, akatoka na buluu hadi shingoni. Kamanda akaona hapana. Akatoa amri: mzazi haingii, na mlinzi akae mlangoni.

Mara iliyofuata mfamasia alilia kwikwi, akagaragara sakafuni, akaapa kuwashtaki wote kwa Mungu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, Kamanda naye akafuta machozi ya kicheko. Mlango haukufunguliwa. Buluu haikutoka chumbani hata tone. Wakapeana mikono, zoezi limefaulu.

Kisha ugonjwa ukafika kweli.

Wa kwanza alikuwa msichana mdogo, binti wa mwanamke aliyeuza viatu vya mitumba sokoni. Mambo yalikwenda kama maji. Aliyepaswa kuvaa alikuwa amekwisha kuvaa, oksijeni ilikuwa tayari, mtoto akapitishwa mlango wa nyuma na kulazwa. Mlinzi akasimama mahali pake. Mama hakugaragara wala hakupiga kelele. Alisimama tu, ameshika ndala moja ya mwanawe iliyodondoka njiani.

"Sista, nivalisheni na mimi hayo mavazi. Nitakaa kimya, sitagusa kitu."

"Haiwezekani, mama. Wanaovaa ni waliofanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini, dada yangu? Huyo si mwanangu?"

"Sheria ni msumeno, mama. Ni kwa usalama wako," Kamanda akasema, akaingia ndani.

Mtoto aliwaogopa. Mbele yake palikuwa na watu wasio na nyuso, macho matupu nyuma ya plastiki. Kila barakoa ya oksijeni ilipowekwa puani aliing'oa. "Mama! Mama njoo!" Kamanda mwenyewe alipiga magoti kando ya kitanda, akamwimbia, lakini sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya pipa, na mtoto akazidi kujivuta ukutani. Aliita mpaka sauti ikakauka, ikabaki midomo tu inayocheza. Siku chache baadaye, mchana wa jua kali, akafariki.

Kamanda alimkuta mama kwenye benchi la nje. Alipomwambia, mwanamke aliinamisha kichwa. Kisha akauliza, "Aliniita?"

"Hapana, mama," Kamanda akasema. "Alilala tu. Alipitiwa kama mtu mwenye usingizi."

Hakuna mtoto mwingine aliyeambukizwa wodini, wala mfanyakazi. Sifa zikamiminika. Mganga mkuu alimweka kando akamwambia mapafu yalikuwa yamekwisha kuharibika, hata mama angekuwepo pengine yasingekuwa mengine.

"Pengine," Kamanda akajibu. "Lakini angekufa amepakatwa."

Nyumbani, mumewe, fundi wa majokofu, mtu asiye na maneno mengi, alimkuta amesimama kwenye sinki, maji yanamwagika bure.

"Umefanya kazi yako, mke wangu."

"Ndiyo. Niliifanyia na mazoezi. Nilijizoeza kumsikia mama analia nisifungue, mume wangu. Na nilicheka."

Mumewe akafunga bomba.

Wiki ile ile Kamanda alitunga mkasa mpya. Safari hii mfamasia hakujifunga kitambaa, wala hakutia mzaha. Wakamfundisha kuvaa gauni, barakoa na glavu. Wakamwonyesha pa kukaa na pa kuvulia. Chai waliyoiacha mezani ilikuwa bado ya moto alipokuwa amekwisha kumpakata mwanasesere na kumshikia oksijeni puani. Akavua kwa kufuata maelekezo. Wakamkagua mikono, shingo, uso: hakuna buluu. Watu wakashangilia. Kamanda akatoka, akaingia stoo ya mashuka, akalia. Kumbe lilikuwa jambo jepesi namna ile.

Alikwenda sokoni. Alimkuta yule mama akisugua kiatu kwa brashi, na maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima yakamruka.

"Nilikudanganya," akasema. "Alikuita. Alikuita sana."

Mwanamke hakuacha kusugua. "Najua. Dirisha la wodi liko juu ya bomba la nje. Nilisimama pale. Nilimsikia mpaka sauti ikamkauka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ili iweje? Ulikuwa unatetemeka, sista." Akakigeuza kiatu upande wa pili. "Tena mimi nilitii. Mlinzi mwenyewe ni mzee, ningemsukuma angeanguka. Sikumsukuma. Wewe una wa kumwomba radhi. Mimi nimwendee nani?"

Kamanda alimweleza kwamba sasa wazazi watavalishwa, wataingia. Mwanamke akaitikia kwa kichwa.

"Vizuri. Wengine watafaidi." Mteja akasimama mbele ya meza, naye akamgeukia. "Karibu, unavaa namba ngapi?"

Kamanda akangoja kidogo, kisha akaondoka.

Ugonjwa uliendelea kwa miezi. Hospitali nyingine zilimwita akafundishe, naye alianza kila mara na mzazi, kabla ya mtungi, kabla ya glavu. Mtoto aliyefuata aliletwa na baba yake, dereva wa lori. Kamanda alimfunga kamba za gauni mgongoni kwa mkono wake, akamwingiza. Mtoto aling'oa barakoa mara moja tu. Baba aliirudisha akaishikilia, akimsimulia habari za milima na madaraja mpaka akatulia. Akapona.

Siku ya kuondoka dereva alimshika Kamanda mikono yote miwili. "Mungu akulipe, sista. Bila wewe sijui ingekuwaje."

"Asante, baba," akajibu, akaichomoa mikono yake taratibu. Akawatazama mpaka walipokata kona ya geti, mtoto mabegani kwa baba yake, kisha akarudi ndani kupanga magauni ya zamu ya mchana.