Bwawa Nililolisugua kwa Sabuni

Mwezi uliopita maji ya bwawa letu yaliharibika. Nasema bwawa, lakini ukija kwetu hapa Mbeya utaliona ni kibwawa tu nyuma ya jiko. Mume wangu alikichimba na kukisakafia mwenyewe, akaweka koi saba, wale samaki wa mapambo wenye mabaka mekundu na meupe. Maji yaligeuka kijani, yakawa mazito kama mlenda, yakaanza kunuka, na asubuhi moja nikakuta samaki wote wamepanda juu, wanachezesha midomo wakitafuta hewa. Mume wangu akavua viatu, akakunja suruali, akasema leo tunayatoa maji yote na kusugua humu ndani mpaka pang'ae.

Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Usiyatoe yote! Utawaua!"

Nikachukua kopo, nikawa nachota maji yaleyale na kuyamwaga kutoka juu ili yaingize hewa, mpaka samaki wakatulia. Tukatoa robo tu ya maji. Tukajaza mapipa mawili kwa maji ya bomba, tukayaacha wazi siku mbili ile dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba iishe nguvu, ndipo tukayaingiza taratibu. Sponji ya chujio niliisuuza ndani ya ndoo yenye maji ya bwawa lenyewe, si ya bomba. Chakula tukakipunguza hadi konzi moja kwa siku, na majani yaliyooza chini nikayaopoa kwa chujio la nazi. Wiki ikapita, nyingine, na katika ya tatu ukiinama ulikuwa unaiona sakafu. Mume wangu akawaita marafiki zake waje kutazama. "Mke wangu ni fundi," akawaambia. "Alifundishwa na babu yake." Wakanipigia makofi. Nikaingia ndani nikijifanya naangalia wali.

Ni kweli babu alinifundisha. Namna nilivyolipa mafundisho yale sijawahi kumwambia mume wangu, na leo nakuambia wewe.

Nililelewa Iringa mjini na wazazi wa mama yangu, katika vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa. Mwenye duka alikuwa Mhindi aliyezaliwa palepale Iringa, kama baba yake. Kihehe alikijua kuliko sisi watoto. Babu alikuwa mtunza bustani wake tangu wote wawili wakiwa vijana. Kila asubuhi walisalimiana "Kamwene," na kila saa kumi jioni, duka likiwa limetulia, walikaa kwenye ngazi ya nyuma wakanywa chai ya tangawizi, mmoja ngazi ya juu, mwingine ya chini, kisha kesho yake wakabadilishana bila kuambiana. Mke wa mwenye duka alitufungia chevda, vitafunio vyao vya pilipili, kwenye gazeti. Mwezi wa sita baridi ilipokaza, bibi alichemsha makande tangu mapema, na moshi wa kuni ulichanganyika na harufu ya bizari kutoka jiko la upande wa pili, hata ukilala njaa ulikuwa umeshiba harufu.

Mbele ya ngazi ile ndiko kulikuwa na bwawa. Mwenye duka hakuwahi kula samaki maishani, dini yake ilimkataza nyama ya aina yoyote, lakini koi wake aliwapenda kama watu wanavyopenda wajukuu. Walikuwa kumi na mmoja. Mkubwa wao, mweupe mwenye doa jekundu kichwani, alikula mkononi mwa babu.

Kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kumsaidia babu. Alitoa maji kidogo, akaongeza yaliyolala kwenye mapipa. Pembeni palikuwa na pipa lenye kokoto na mkaa, maji yakipita humo yakirudi bwawani. Mawe yote yalikuwa na utelezi wa kijani, nami nilitaka kuukwangua. Babu alinishika mkono. "Acha. Utelezi huo ndio mfagiaji wa humu ndani. Ukimfukuza, nani atafagia?" Na neno lake kubwa lilikuwa hili: "Samaki hataki maji ya kung'aa. Anataka maji yaliyotulia." Nililisikia neno hilo mara nyingi kuliko kengele ya shule.

Nilipokuwa darasa la tano, babu alifiwa na dada yake, akaenda kijijini na bibi kwa siku nne. Mimi nililala kwa mama jirani. Kabla ya kuondoka alinipa ufunguo wa geti la nyuma. "Konzi moja asubuhi. Usiguse kitu kingine."

Sasa, shuleni nilikuwa nimewaambia wenzangu kwamba wale samaki ni wa kwetu. Sijui kwa nini nilisema. Labda kwa sababu viatu vyangu vilikuwa vimetoboka na nilitaka kuwa na kitu. Siku ya pili ya msiba wasichana watatu wakasema twende tukaone. Mvua ilikuwa imenyesha, imeingiza udongo bwawani, na maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Wakasimama, wakatazama, hawakuona hata pezi. Mmoja akasema, "Hili si ni dimbwi la bata?" Wakacheka mpaka getini.

Nikawaambia warudi kesho.

Asubuhi iliyofuata mwenye duka na mkewe walikwenda Mafinga harusini, nami sikwenda shule. Niliwatia samaki kwenye beseni za kufulia. Nikatoa maji yote. Nikachukua brashi ya chuma na sabuni ya unga ya bibi, nikasugua kuta, nikasugua jiwe mojamoja, nikamwaga kokoto na mkaa wa lile pipa nikazisuuza kwa maji ya bomba mpaka zikawa kama mpya. Nikajaza bwawa kwa mpira moja kwa moja. Nikawarudisha samaki.

Nakiri, sijawahi kuona kitu kizuri kama bwawa lile saa nane mchana ule. Maji yalikuwa kama kioo. Wasichana walipokuja hawakucheka. Mmoja alipiga magoti. Yule wa dimbwi la bata akaniomba alishe, nikamkatalia, nikalisha mwenyewe, konzi tatu, kwa fahari. Samaki hawakula. Nilidhani wameshiba.

Asubuhi nilipokwenda walikuwa wanahema juu, mashavu yamewaka kama yamechunwa. Nilichota maji kwa mikono yangu nikawamwagia. Kufika adhuhuri tisa walikuwa wamekufa, na yule mweupe mwenye doa jekundu alikuwa wa kwanza.

Mwenye duka alirudi jioni, na babu alirudi jioni hiyohiyo, wakakutana bwawani. Mimi nilikuwa mlangoni kwetu, nusu mwili nje. Babu aliinama, akapitisha kidole kwenye jiwe, akakinusa. Kisha akainua macho akanitazama. Hakunikunjia uso. Alinitazama tu, kama mtu anayesoma barua fupi.

"Nini imefanyika, mzee wangu?" mwenye duka akauliza.

"Ni mimi, tajiri," babu akasema. "Kabla sijaondoka nilisafisha vibaya. Uzee."

"Wewe?"

"Mimi."

Mwenye duka aliinama juu ya maji. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kusema neno moja. Ningeweza kusema hata kwa kulia. Nilirudisha ule mwili nusu ndani nikafunga mlango.

Babu hakunichapa na hakuwahi kuligusia jambo lile, hata siku moja. Mwenye duka hakumfukuza, lakini alimwomba ufunguo wa geti la nyuma, na samaki wawili waliobaki akamkabidhi mtu mwingine. Babu akawa anafagia mbele ya duka na kumwagilia maua ya barazani. Salamu ya asubuhi iliendelea. Chai ya saa kumi ilikoma. Nilimwona babu mara nyingi, saa kumi ikifika, akinyanyuka kwenye kigoda chake kisha akakaa tena.

Mtaani habari ilienea. Mzee aliyelea samaki ujana wake wote amewaua kwa sababu ya uzee! Mjomba wangu, mwanawe wa kwanza, ana kipaji cha kusimulia, na aliitengeneza ikawa hadithi ya kuchekesha hasa. Alimwigiza babu akiwavalisha samaki povu, akiwauliza kama sabuni imewaingia machoni. Kila Krismasi alisimulia. Babu alicheka pamoja na wengine. Nami, nisikie vizuri, nami nilicheka. Nilikuwa msichana wa kidato cha pili, kisha cha nne, kisha wa chuo, nimekaa mkekani hatua mbili kutoka kwa babu, nacheka na meno yote nje. Hicho kicheko kinaniuma kuliko samaki.

Babu alifariki nikiwa nimeanza kazi Mbeya. Mwaka uliofuata nilipita Iringa nikaingia dukani. Mwenye duka alikuwa amezeeka, ameketi kwenye kiti karibu na majora ya vitenge.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe mjukuu ya mzee wangu."

Nikamwambia yote, nimesimama, mikono nyuma kama mtoto mbele ya mwalimu mkuu. Alisikiliza akipapasa kitambaa.

"Mimi najua," akasema. "Siku ileile najua. Babu yako miaka yote sabuni hakuweka. Nikamwuliza, akanidanganya hapa, machoni. Nikasema, kumbe rafiki yangu ananiogopa. Anafikiri mimi nitamfanyia mtoto mdogo ubaya. Hiyo ndiyo iliniuma. Samaki, hapana."

"Kwa nini hukumwambia unajua?"

"Nilingoja aseme mwenyewe. Yeye alingoja nini, sijui." Akanitazama. "Labda wewe."

Aliniuliza babu amezikwa wapi, nikamwelekeza, akasema miguu yake haiwezi tena mlima ule. Na yeye sasa hayupo. Duka limekuwa la simu, uani pamemiminwa zege na wapangaji wanaegesha pikipiki.

Pasaka hii tulikusanyika kijijini, mume wangu akiwa amebaki Mbeya kazini. Nyama ilikuwa motoni, watoto wamejaa, na mjukuu mmoja wa mjomba akamwambia, "Babu, tuambie ya samaki." Mjomba akasimama, akafunga kanga kiunoni, akaanza. Alipofika kwenye povu nikasema, "Ni mimi."

Walidhani natania. Nikarudia, safari hii nikimtazama mjomba, wakaelewa. Nikaeleza kuhusu wasichana wa shule, brashi, sabuni ya bibi, na jinsi babu alivyonitazama. Mke wa mjomba aliyekuwa akichambua mchele aliacha mkono juu ya ungo.

Mjomba alifungua ile kanga taratibu, akaikunja mara nne.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, "nimemcheka baba yangu mbele ya wanangu bure. Na wewe ulikuwa umekaa hapo."

"Ndiyo, mjomba."

"Ulikuwa unacheka."

"Ndiyo."

Akaweka kanga juu ya kiti akatoka kwenda upande wa makaburi. Hakuna aliyemfuata. Nyama iliungua upande mmoja, tukaila hivyohivyo.

Nilifikiri nikisema nitapumua. Kweli, jina la babu limesafika, na mjomba ameshanisamehe, aliniambia kwa simu, kwa maneno machache. Lakini hadithi ile haisimuliwi tena. Sikujua kwamba ndiyo pekee waliyokuwa nayo wale watoto, waliozaliwa babu akiwa ameshafariki. Walimjua kwa povu tu, wakamdai kila sikukuu. Sasa hawamdai. Nimejaribu kuwasimulia mengine, jinsi alivyomlisha samaki mkononi, jinsi alivyokaa ngazini na rafiki yake, na wananisikiliza kwa adabu, kisha wanaomba ruhusa wakacheze.