Kwa Nini Mwanakuu Aliitwa Bi Ndoo

Mji mzima ulimwita Bi Ndoo, na wallahi mwanamke yule hakuwahi kuteka maji hata siku moja. Kazi yake ilikuwa vugo: kutunga nyimbo za harusi na kuwaongoza wanawake wakigonga pembe za nyati njia nzima. Jina alilipata mwaka ule Serikali ya Kiingereza ilipoanza kuogopa nyimbo.

Kuogopa, ndiyo! Athmani, nduguye mdogo, aliimba harusini beti mbili za kuwakejeli wakubwa waliokamata watu kwenda kuchukua mizigo. Akatiwa Ngomeni, maana siku hizo Ngome ya Yesu ilikuwa jela. Tangu hapo hakuna wimbo ulioimbwa njiani bila kupita kwa karani kwanza. Kumtazama mfungwa nako kukakatazwa. Kisha mtu aliyefunguliwa akaleta habari: Athmani amesusa chakula, anasema jamaa zake wamemtupa. Mwanakuu alilia, akafuta machozi, akatunga.

Karani alikuwa mgeni kutoka Unguja, kanzu yake imenyooka kwa pasi. "Hebu niimbie, bibi."

"Ndoo, ndoo, kiu imenilemea;
Ndoo, ndoo, mlangoni nangojea."

Mwanakuu alidhani yameharibika. Nani hapa kwetu Mvita asiyejua kuwa "ndoo" ni njoo? Lakini kwa Waunguja ndoo ni chombo cha maji, basi.

"Maskini," karani akasema kwa huruma. "Visima vyenu vya chumvi, na wachukuzi wa maji wanachelewa, siyo? Nendeni mkaimbe, Serikali isikie."

"Ahsante, mwanangu," Mwanakuu akajibu, huku ameubana ulimi kwa meno asije akacheka.

Alasiri ya harusi vugo likafika chini ya ukuta wa Ngome, likagoma kuondoka. Pembe zikalia, wanawake wakaita: ndoo, ndoo! Askari wa mlangoni, mtu wa bara, akawa anatikisa kichwa kufuata mdundo. Mwanakuu aliimba mpaka koo likamkauka. Ukuta kimya. Akahofia kwamba wamechelewa.

Halafu, kwenye kidirisha cha juu, sauti dhaifu ikatoka:

"Naya, dada! Naya! Na wali niwekea!"

Anakuja, jamani, na ana njaa! Mwanakuu aliigonga pembe yake mpaka ikapasuka.