Mikono ya Mama Zawadi na Ndoo Nilizozikwaruza

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema mno, nikakuta geti bado limefungwa. Ilikuwa Sinza, ua wa nyuma wa gesti moja, na kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza mvinyo wa rozela, yale maua mekundu yenye ukali. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Sasa nina thelathini na moja na nimestaafu. Chekeni tu. Hata kaka yangu alicheka: "Mstaafu gani hujaota hata mvi moja?" Lakini kazi nimeiacha na siirudii, na nyie mnaoianza inafaa mjue ilivyofanywa, na nilivyoiharibu.

Sikusomea popote. Nilijifunza kwa video za simu na kwa kitabu kilichong'oka jalada, nikakikariri. Nilikuwa mtu wa hofu. Mfuniko nikishaufunga, nilirudi kuuangalia mara tano, mara sita. Watu waliona bidii. Mie najua ilikuwa woga.

Msimamizi wa Sinza alikuwa mzee mkavu wa maneno. Alinisimamisha mbele ya vyombo vilivyopangwa ukutani.

"Haya, mtaalamu wa simu. Unachukua kipi?"

Nikaonyesha sufuria kubwa la alumini, kwa kuwa liling'aa.

"Umeshafeli. Rozela ina ukali, na ukali unakula alumini. Utawanywesha wateja sufuria."

"Basi lile jaba la bluu."

"Linuse kwanza."

Nikaingiza kichwa ndani ya pipa lile la plastiki. Lilinuka sabuni, ingawa lilikuwa limeoshwa na kuanikwa juani wiki nzima.

"Plastiki ikishashika harufu haiachii," akasema. "Jaba la sabuni, la rangi, la mafuta ya taa, hata ukipewa bure, kataa."

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba siku za kwanza rozela huchachuka kwa fujo na kupandisha povu, kwa hiyo hukaa kwenye ndoo nyeupe ya chakula yenye mfuniko wa kubana, nawe unaacha shubiri moja juu bila kujaza. Mfuniko hutobolewa tundu, ukapitishwa mpira wa dripu, ncha yake ya pili ikazama kwenye chupa ya maji. Gesi inatoka ikibubujika, hewa ya nje hairudi. Povu likitulia unahamishia kwenye chupa kubwa za kioo, mashapo ukiyaacha chini, na safari hii unajaza mpaka shingoni. Hewa ikibaki nyingi juu, vijidudu vya siki vinapata pa kuishi.

Hayo yote aliniambia. Namna ya kuosha ndoo hakuniambia, maana alidhani kila mtu anajua.

Baada ya miaka miwili nikahamia Manzese, kwenye kiwanda kidogo nyuma ya karakana za kuchomelea vyuma. Meneja wa pale alipenda watu wanaoongea kwa uhakika, na mie kitabu changu kilinipa maneno. Akanipa usimamizi wa usafi, juu ya mama mmoja aliyekuwa ameshika ndoo zile kabla yangu kwa miaka mingi. Huyo ni Mama Zawadi, mtu wa Kusini, mke wa mchonga vinyago. Aliosha ndoo kwa kitambaa laini na maji ya uvuguvugu, taratibu, huku akiimba kwa pua.

Mie nikaona uvivu. Ndoo zilikuwa na wekundu wa rozela ambao hautoki, na wekundu ule ulininyima raha. Nikaleta stilwaya, ile sponji ya chuma ya kusugulia masufuria.

"Mwanangu," Mama Zawadi akasema, "plastiki haisuguliwi hivyo. Unaikwaruza."

"Mama, mie haya mambo nimeyasoma."

"Umesoma, sikatai. Na ndoo nayo imekusoma?"

Wenzake wakacheka. Nikasikia uso unawaka moto. Tangu siku hiyo nilizisugua mwenyewe, kila ndoo, yeye nikimwachia kusuuza tu, mpaka zikawa nyeupe kama meno ya mtoto.

Mitungo mitatu mfululizo, yaani mvinyo wa ndoo zote mara tatu, ikageuka siki. Meneja akatukusanya wote uani, akauliza nani anayeshika ndoo. Hakuna aliyenitaja. Mdomo wangu ndio uliotangulia.

"Mama Zawadi nyumbani kwake anatengeneza achari," nikasema. "Siki anakuja nayo mikononi."

"Mie?" Alinyoosha mikono yake mbele yetu, vidole vimekunjamana kwa maji. "Mikono hii naiosha mpaka kwenye viwiko, na wewe unaniona kila siku!"

Meneja akamwambia asirudi kesho. Tangu hapo mtaani wakamwita Mama Siki, na kila alikoomba kazi ya kuandaa chakula au kinywaji, jina lilikuwa limeshafika.

Mtungo wa nne nao ukachacha, na yeye hayupo. Nikachukua ndoo, nikaifuta, nikapitisha ukucha ndani. Ukucha ukakwama. Nikaipeleka kwenye mwanga nikaona mikwaruzo, elfu na elfu, kila mmoja ni mfereji ambao sabuni haifiki na vijidudu vinajificha. Ilikuwa kazi ya mkono wangu.

Nilikwenda kwa Meneja nikamweleza. Hakukasirika, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

"Sasa unataka nimtangazie nani kwamba msimamizi wangu hajui kuosha ndoo? Nunua mpya. Funga mdomo."

Nikanunua mpya. Nikafunga mdomo. Namchukia kwa neno lile, na najichukia zaidi kwa namna lilivyonipa nafuu.

Baadaye nikaanza kutengeneza wangu nyumbani, Mtoni, kwa chupa za kioo tupu. Ulitoka mwekundu, safi, watu wakausifu. Mama Zawadi naye alikuwa amehamia Mtoni, na kwa miaka mitatu nilizunguka njia ya mbali kwenda sokoni nisipite mlangoni kwake. Mwaka huu, nikiosha chupa, nikagundua naimba kwa pua kama yeye. Nikaiweka ile chupa chini, na sijashika nyingine.

Nikaenda kwake asubuhi. Alikuwa anakata maembe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Leo hujazunguka?"

Nikamwambia yote, mikwaruzo, Meneja, ndoo mpya. Nikalia. Akaendelea kukata.

"Nilijua," akasema. "Nilikwambia siku ile ile. Sasa unanililia mie ili iweje?"

"Nisamehe, Mama."

"Neno lile ulilisema uani, mbele za watu. Leo umekuja kuninong'oneza jikoni." Akanifutia meza kwa kitambaa, taratibu kama zamani. "Kalirudishe ulipolitoa. Halafu ndiyo uje tuongee."

Ua wa Manzese sasa ni gereji, na wale watu wametawanyika. Ndiyo maana naandika hapa, mahali ambapo mafundi wa mvinyo wanasoma, na baadhi yenu mlikuwepo. Plastiki ioshwe kwa kitambaa laini. Iliyokwaruzwa haifai tena. Na mikono ya Mama Zawadi ilikuwa safi. Ndoo niliziharibu mie.