Koti Alilolichakaza Arvilla

Arvilla Tjaden aliweza kulitazama koti la mtu na kukuambia anafanya kazi gani. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa akitia viraka na kubadilisha zipu katika chumba cha mbele cha nyumba yake, kwenye mji wa Nebraska wenye barabara moja ya lami na ghala moja la nafaka, na nguo za kazi za wilaya nzima zilikuwa zimepita mikononi mwake. Koti la mbeba magunia hufifia begani. La mtu wa trekta hulika mgongoni, pale kiti kinapokwaruza. La mwenye ng'ombe huchanika mfuko kwa koleo la seng'enge, na upindo wa mkono anaofungulia malango hubaki nyuzi tupu. Wanaume wa huko nao husoma hayo. Mgeni akiingia ghalani kunywa kahawa watamsalimu vizuri tu, kisha macho yanashuka kwenye mikono ya koti lake, na hapo wameshaamua kama ni mtu au ni mtalii.

Mumewe, Verlyn, alifuga ng'ombe mpaka figo zilipomshinda. Waliuza kundi lote mwezi Machi, na tangu hapo wiki yake ilikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa: muda wa saa nne kila mara kwenye mashine ya kusafisha damu, katika hospitali ndogo ya wilaya, dakika kumi kutoka nyumbani. Bila mashine hiyo hana wiki mbili. Alikuwa mcheshi hata hivyo, na wauguzi aliwaita ndama zake.

Agosti alikuja binti mmoja kutoka mji mkuu wa jimbo, Brynn jina lake, na koti la turubai la kahawia ndani ya mfuko.

"Nimeambiwa wewe ndiye fundi, mama."

"Limechanika wapi?"

"Halijachanika. Ni jipya. Tunataka lionekane lina miaka kumi."

"Basi mwenyewe alivae miaka kumi."

"Uchaguzi ni Novemba," alisema Brynn, na hakuwa anatania.

Mwenye koti alikuwa Preston Haldane, wakili, mtoto wa wakili, aliyetaka kiti katika bunge la jimbo. Wangempiga picha zizini. Brynn alieleza kwamba siku hizi mtu akitaka kupendwa lazima anuke shamba kidogo. Hata waimbaji wa redioni huvaa kofia pana, na wengine ng'ombe wamemjua kwenye sahani. Arvilla angeweza kumfukuza. Lakini sifa nazo ni pombe. Kabla ya Brynn hakuna aliyewahi kufunga safari kuja kumwambia kwamba ujuzi wake hauna mfano, tena tangu Machi alikuwa akikaa hospitalini akisubiri watu wafe au wapone. Alikubali, na akaahidi kufunga mdomo.

Alilisugua koti kwa msasa na jiwe la kunolea, akalifua pamoja na kokoto, akalifunga nyuma ya pikapu na kulivuta juu ya changarawe. Kielelezo chake kilikuwa koti la Verlyn lililoning'inia karibu na mlango wa jikoni. Alinakili kila jeraha. Verlyn ni mtu wa shoto, kwa hiyo upindo uliolika ukawa wa mkono wa kushoto.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Wahenga hawakuwahi kutazama televisheni ya Nebraska wakati wa uchaguzi.

Septemba tangazo la Haldane likatoka kwenye televisheni. Verlyn alikuwa jikoni na jirani yao, Orval Kubik, na Arvilla akimenya viazi.

"Hebu ona mkono ule," Verlyn alisema. "Shoto, kama mimi. Huyo kafungua malango."

"Wakili huyo, Verlyn. Na baba yake wakili."

"Baba yake, sawa. Koti si la baba yake. Maneno mtu anaweza kuandikiwa, Orval. Upindo huwezi kuandikiwa."

"Kweli, hapo umenifunga mdomo," Orval alisema, akasogea karibu na televisheni.

Kule kliniki Arvilla alikuwa amesoma karatasi iliyosema Haldane anataka kuzikatia hospitali ndogo fedha za jimbo.

"Mzee," alisema, "ile karatasi ya hospitali umeisoma?"

"Karatasi anaandika yeyote, mama. Mtu aliyelala zizini na ng'ombe anayezaa hawezi kutufungia hospitali."

Angemwambia hapo hapo. Maneno yalimfika kwenye ncha ya ulimi. Lakini Verlyn alikuwa ameketi wima, uso umemng'aa. Tangu kundi liuzwe hakuwa amejiona mahali popote, na sasa alijiona. Arvilla alimwonea huruma, akajionea haya, akaendelea kumenya. Mimi huruma ya namna hiyo siisifu.

Verlyn alipiga kura, na ghala zima likapiga naye. Haldane akashinda. Mei fedha zikakatwa, na chumba cha kwanza kufungwa hospitalini kilikuwa kile cha mashine. Iliyobaki karibu ilikuwa umbali wa maili themanini na nane.

Majira ya joto waliimudu safari. Theluji ilipoanza, Jumatano zikaanza kurukwa, moja, kisha nyingine. Miguu ya Verlyn ikavimba mpaka viatu vikamkataa. Wauguzi wa kule hakuwapa jina lolote.

Ijumaa moja ya Januari, barabara imefunikwa na Arvilla akiendesha polepole, Verlyn alisema, "Huenda yule bwana hajui. Mtu amwandikie. Mfugaji mwenzetu, atasikia."

Arvilla aliegesha pikapu kando ya njia. Akamweleza yote: binti, msasa, kokoto, koti la mlangoni. Hakuficha hata sifa zilivyomlewesha.

Verlyn aliutazama mkono wake wa kushoto.

"Upindo ule ulikuwa wangu," alisema.

"Wako."

"Ulijua, na mimi nikiwa nimekaa pale namsifu."

"Nilijua."

Alivuta pumzi, nayo ilimjia kwa shida.

"Ungeniambia siku ile jikoni, Arvilla, ningekununia mwezi mzima. Sasa sina mwezi wa kukununia. Endesha, tutachelewa."