Uji Uliofunikwa Kando ya Kitanda Changu

Wanajumuiya wenzangu, mmenisimamisha niseme jinsi Mungu alivyoniponya. Nitasema. Ila akina mama, vigelegele wekeni kando kwanza, maana habari yenyewe mwishoni haina vigelegele.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mwanamume wa haja hapa Mhezi. Nilikuwa na kahawa yangu, ng'ombe zizini, na cheo cha balozi wa nyumba kumi. Baragumu la msaragambo likilia, watu wote watoke kwenda kuzibua mifereji ya maji, mimi nafika wa kwanza, halafu nasimama njiani kuwasema waliochelewa. Mdomo nilikuwa nao, sikatai. Mke wangu Nakijwa alikuwa akiniambia, "Baba Eliamini, wewe hata Mungu unamsimamia kazini." Nilicheka sana. Nilidhani ananisifu.

Mama yangu mzazi tulikaa naye nyumba moja. Baba alipofariki, Mama alinikabidhi kigoda cha baba na kuniambia, "Sasa mwenye kuonja ni wewe." Kwetu ilikuwa hivyo tangu zamani. Kama mwenye nyumba hajatia chakula kinywani, Mama hali. Watoto walilishwa jikoni, na Nakijwa akisikia njaa alikula, hakujali. Mama, hapana. Atakaa na chakula chake mpaka mimi nionje. Nilizoea hata nikaacha kuliona jambo hilo.

Basi ikafika Kwaresima. Jumatano ya Majivu padre alihubiri habari za toba, tukapakwa majivu, tukatoka. Pale nje ya kanisa nikatangaza mbele za watu kwamba Kwaresima yote sitatia kitu mdomoni toka macheo mpaka jua lizame, hata maji. Hakuna aliyeniomba. Nilitaka wajue tu balozi wao ni mtu wa namna gani. Wiki hiyohiyo nikapita kwa jirani yangu, Mama Nakunda, nikamkuta anakula makande mchana wa Ijumaa. Nilimgombeza palepale uani mpaka akalia. Naye alikuwa mjamzito! Mtanisamehe, najisikia vibaya hata kulitamka.

Baadaye duka la ushirika likanituma bwawa la Nyumba ya Mungu kuchukua samaki wakavu wa Kwaresima. Kule bwawani ni joto na mbu, na mimi nililala kambini kwa wavuvi bila chandarua. Sisi watu wa milimani, malaria ya tambarare hatujaizoea. Nilirudi na magunia yangu ya perege, watu wakanishukuru, na siku chache zikapita.

Kisha homa ikanikamata. Kwanza baridi, meno yanagongana, nimefunikwa mablanketi yote ya nyumba na bado natetemeka. Kisha joto, shuka linalowa jasho kabisa. Kichwa kilitaka kupasuka. Mganga wa zahanati alinipima kwa macho tu, akanipa vidonge vya klorokwini.

"Meza sasa hivi, na ule chochote," akaniambia.

"Jua likizama, nitameza."

"Balozi, homa haijui habari za jua!"

Nikavitia mfukoni. Hata padre alikuja kuniona, akakaa pale kitandani, akaniambia wazi, "Mgonjwa hafungi. Kanisa halijakuomba jambo hili." Nikamjibu, "Ndiyo, Baba." Alipotoka, nikaendelea na yangu.

Mtaniuliza kwa nini. Sikuwa namwogopa Mungu, jamani. Nilikuwa namwogopa Mama Nakunda. Nilimwona akilini mwangu amesimama njiani, tumbo mbele, ananiuliza, "Vipi balozi, uji wa mchana mtamu?" Afadhali nife kuliko kuulizwa hivyo. Ndivyo nilivyokuwa mpumbavu.

Jioni nilimeza vidonge tumbo likiwa tupu, navyo vikarudi vyote. Baadaye hata jioni hakikuingia kitu. Nakijwa akileta uji, nikiusikia harufu tu natapika nyongo, manjano, chungu. Macho yakageuka rangi. Mkojo ukawa mweusi kama kahawa, nikauficha ili mke wangu asiuone.

Na Mama alikuwa pale. Mvua za masika zilikuwa zimeshaanza, baridi ya Mhezi mnaijua, naye alikuwa na kikohozi. Alikaa kwenye kigoda cha baba karibu na kichwa changu, mikononi ameshika kibakuli cha uji kimefunikwa kwa sahani.

"Onja kidogo tu, mwanangu."

"Mama, ondoa hicho kibakuli! Unanijaribu."

Akaondoka nacho. Kesho yake akaja tena, amekaa palepale, kibakuli kilekile.

"Onja, baba. Hata ncha ya ulimi."

Nikamgeuzia mgongo, nikaangalia ukuta. Nikamsikia anakohoa, anakohoa, halafu anainuka na kigoda chake. Hilo ndilo la mwisho ninalolikumbuka kwake, ule mlio wa kigoda sakafuni.

Baada ya hapo nilikuwa naweweseka. Nakijwa aliuona ule mkojo, akapiga kelele, akakimbia kwa mpiga baragumu. Siku hiyo baragumu lililia kwa ajili yangu. Watu waliokuwa mferejini waliacha majembe wakanifunga kwenye machela ya blanketi na miti, wakaniteremsha mlima wakiteleza kwenye matope. Chini tulimkuta Bwana Hamisi, mfanyabiashara wa Same, na lori lake. Alipoambiwa kwamba nimekataa dawa kwa sababu ya mfungo, alishika kichwa.

"Hata sisi, Ramadhani, mgonjwa anakula, analipa baadaye," alisema. "Huyu mwenzenu amejifunza wapi haya?"

Wakanipandisha kwenye lori lake.

Hospitalini Same daktari alimwambia Nakijwa, "Mngekawia kidogo, mngekuwa mnaniuliza habari ya sanduku." Wakanitundikia dripu na kunichoma sindano za kwinini. Masikio yalivuma, mkono ulivimba, nilijichafua kitandani kama mtoto mchanga na wauguzi wakanisafisha bila kunung'unika. Polepole mkojo ukarudi rangi yake. Siku moja nikasikia njaa, nikalia kwa furaha ya kusikia njaa.

Nikamuuliza Nakijwa, "Mama hajambo?"

"Kula kwanza," akasema.

Kesho yake nikauliza tena. "Kula kwanza, upate nguvu." Nikadhani ananibembeleza kwa sababu ya ugonjwa. Siku nilipomaliza bakuli zima la uji mwenyewe, bila kusaidiwa, alilipokea, akaliweka chini, akanishika mkono.

"Baba Eliamini, Mama tumemzika."

Kikohozi kile kiligeuka kichomi. Mganga wa zahanati alisema mwili haukuwa na akiba ya kupambana nacho, ulikuwa mtupu.

"Mtupu kwa nini?" nikauliza. "Nyumbani kwangu kulikuwa na unga!"

Nakijwa akasema, "Kile kibakuli hakikuwa chako. Chako nilikuwa nakuletea mimi. Kile kilikuwa cha Mama. Alikuwa anangoja uonje, na yeye ale."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Uliniambia nisikujaribu. Na yeye nilimbembeleza, nikamgombeza, akawa anakunywa vijiko viwili ili ninyamaze. Akasema mwenye nyumba hajaonja."

Nilijifunika shuka mpaka usoni. Pasaka ilinikuta kitandani humo, watu wanakuja wanasema, "Mungu mkubwa, balozi amefufuka!" Kila aliyesema hivyo alinichoma. Niliungama kwa padre, akaniondolea dhambi, na ninaamini imeondoka kwa Mungu. Kwangu mimi bado ipo. Mpaka leo nikisikia kigoda kikiburutwa sakafuni, mkono wangu unatafuta kibakuli.

Ninamshukuru Mungu kwa uhai huu, na daktari, na wale walioteleza kwenye matope na mwili wangu, na Bwana Hamisi ambaye hakuchukua nauli. Ninyi mnaofunga, fungeni. Ni jambo jema, na mimi bado nafunga. Ila mganga akisema meza, meza. Na kabla hujaweka nadhiri, tazama nyumbani kwako ni nani anayekula baada yako.

Tangu mwaka ule, kila Kwaresima napeleka uji kwa wagonjwa. Juzi nilikwenda kwa Mama Nakunda. Ni bibi sasa, amelala na homa, wanawe wanasema mchana hataki kitu. Aliponiona mlangoni alivuta shuka.

"Shikamoo, balozi. Mimi nimefunga," akasema upesi upesi. "Sijala kitu, kweli tena."

Bado alikuwa ananiogopa. Miaka yote hii!

Nikavuta kigoda, nikakaa. Nikamimina uji, nikanywa mimi mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya macho yake. Akanitazama. Nikanywa tena, mpaka akauona ndevuni kwangu.

Ndipo akanyoosha mkono, nikampa kibakuli.