Mnara wa Kibugu Katika Ukungu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya picha ya serikali, sikushika kamera. Nilipewa ndoo na kitambaa, nioshe mabamba ya kioo yaliyotumika siku hizo badala ya filamu. Nilikasirika, maana nilikuwa nimesoma. Baada ya mwaka mzima hapo Embu ndipo mkuu wetu, mzungu tuliyemwita Bwana Picha, aliponikabidhi kamera.

Ulikuwa wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikiwawinda wapiganaji wa msituni. Bwana Picha alikuwa ametoka Mombasa, na ukutani alitundika picha aliyoipiga huko, mnara wa taa katika ukungu wa bahari. Akataka picha ya kufanana nayo ya huku: mnara wa Kibugu wenye taa juu, ukingoni mwa msitu, walikolinda homgadi, askari wenyeji wa serikali.

"Mnara na ukungu," akaniambia. "Watu sitaki."

Watu walikuwepo. Wanawake wa kijiji walichimba handaki chini ya mnara, kazi ya lazima, na aliyepumzika alinyimwa ruhusa ya kwenda shambani kutafuta chakula. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Sikuwa na wasiwasi. Mwanga ulikuwa hafifu, kwa hiyo unafungua lenzi na kuhesabu hadi ishirini, na anayetikisika muda huo hatokei. Nikahesabu.

Tulipoosha bamba kwa dawa ili picha itokee, wachimbaji wote walikuwa wamepotea isipokuwa mmoja, wima, jembe chini, mikono imenyooka ubavuni. Mama. Aliniona nyuma ya kamera akasimama kama nilivyomfundisha mwenyewe nyumbani: anayepigwa picha hatikisiki.

Bwana Picha akainama. "Nani huyu ameacha kazi? Mkuu wa homgadi atamjua."

"Ni doa la maji, bwana. Nitalitoa."

Akanitazama. "Litoe sasa, nikiona."

Kwenye bamba, cheusi huonekana cheupe, na ukungu huonekana mweusi. Nikachukua penseli laini nikampaka polepole, miguu, kifua, uso, mpaka akawa ukungu. Mkono wangu haukutetemeka. Siku ile nilijisifu; leo naona haya.

Nilihamishiwa Meru, nikapiga picha za machifu, shule na harusi za watu hadi nikastaafu. Picha ya mnara bado ninayo. Wajukuu wanasema haina kitu.

Kila nilipokwenda nyumbani likizo, mama aliniuliza, "Ile picha yangu ilitoka? Ama nilitikisika?"

Kusema kweli kungemtia hofu bure, askari wangali kijijini. Kila mara nilimwambia alitikisika. Baadaye hofu iliisha, nami sikusahihisha. Alikufa akiamini kosa lilikuwa lake.